Kabla Hujapanda Boti Naivasha: Mwongozo Kamili wa Usalama Ziwani na Wanaousimamia

Wengi wanaokuja Naivasha wikendi huja na mpango uleule: baiskeli Hell's Gate, samaki wa kukaanga, na saa moja ya boti kuona viboko. Hiyo saa moja ina sheria zake, leseni zake na maofisa wake. Tatizo ni kwamba ukishafika katikati ya maji, uwezekano wa kukutana na ofisa ni mdogo mno. Ukaguzi unaokuhusu wewe ni ule unaoufanya ukiwa bado umesimama gatini, pesa zikiwa mfukoni. Ukishalipa na kuketi, nguvu zako zimekwisha.

Nimeandika haya kwa mzazi, kwa mwalimu anayeleta wanafunzi, kwa mweka hazina wa kikundi cha kanisa, na kwa yule kijana aliyetwikwa kazi ya kuwapangia wenzake wa ofisini safari. Mwenye boti pia ana sehemu yake huko mbele.

Lifahamu ziwa kwanza

Naivasha liko juu sana, takriban mita 1,880 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake hayana joto la Mombasa. Mtu akitumbukia, baridi humchosha mapema kuliko anavyodhani. Ni ziwa la maji baridi yasiyo na chumvi, na sehemu kubwa yake ina kina kifupi. Watu husikia "kina kifupi" wakatulia, wakati ni kinyume: upepo ukivuma juu ya maji ya kina kifupi, mawimbi huwa mafupi, yenye ncha na yanayofuatana haraka. Boti ndogo haipati nafasi ya kupumua kati ya wimbi moja na jingine.

Jambo la pili ni miti. Maji yalipopanda miaka hii ya karibuni, yalimeza migunga iliyokuwa ufuoni, nyua za mashamba na hata makazi ya watu upande wa Kihoto. Miti ile iliyokufa wima unaiona na kuipiga picha. Visiki na nyaya zilizobaki chini ya maji huzioni, na propela huzikuta kwa ghafla. Ongeza gugumaji, ambalo likisukumwa na upepo linaweza kuziba njia ambayo asubuhi ilikuwa wazi.

Mamba hakuna. Viboko wapo wengi.

Hatua ya 1: Panga saa kabla ya kupanga bei

Asubuhi ndiyo saa ya boti. Kwa kawaida ziwa huwa shwari tangu jua linapochomoza hadi karibu saa sita mchana. Baada ya hapo upepo huanza kuvuma, na kufikia saa tisa au saa kumi maji yanaweza kuwa yamechafuka kabisa. Wageni wa kutoka Nairobi huondoka saa tatu, hukwama kwenye msongamano wa magari, hula chakula cha mchana, kisha hutaka boti saa kumi. Hapo wamechagua saa mbaya kuliko zote. Ukifika umechelewa, lala hapo uende kesho asubuhi, au kubali kuliangalia ziwa ukiwa ufuoni.

Ukiona povu jeupe juu ya mawimbi mbali na ufuo, huo ni upepo wa kutosha kuahirisha safari ya boti ndogo. Ukiona wingu zito likishuka upande wa Mlima Longonot au safu za Aberdare na upepo ukabadilika ghafla kuwa wa baridi, usiingie. Na usikubali safari itakayowarudisha gizani, hata kwa punguzo la bei. Usiku viboko hutoka majini kwenda malishoni, na hupita sehemu zilezile ambazo watu hushukia.

Hatua ya 2: Chagua gati, kisha chagua boti

Kuna njia mbili za kupata boti: kupitia hoteli na kambi zilizo kando ya Barabara ya Moi South Lake, au kwenye fuo za umma kama Karagita na Kamere. Sisemi hoteli ni salama na umma ni hatari. Nimeona boti nadhifu Kamere, na nimeona jaketi zilizooza kwenye bustani yenye nyasi zilizokatwa vizuri. Tofauti kubwa iko kwa broka. Ufuoni utapokelewa na kijana mchangamfu ambaye si nahodha wala si mwenye boti. Kazi yake ni kukuleta. Msikilize, mshukuru, lakini usimpe pesa. Omba uonyeshwe boti na nahodha atakayeiendesha, wote wawili, kabla ya kuzungumzia bei.

Boti ikishakuwa mbele yako, izunguke. Ubavuni iwe na nambari ya usajili inayosomeka, na idadi ya watu wanaoruhusiwa. Sakafuni kusiwe na maji. Kidimbwi kidogo asubuhi kabla ya abiria wa kwanza kina maana kwamba inavuja. Angalia fiba kama ina nyufa zilizozibwa juujuu, hasa pale tezini injini inapofungwa. Tikisa injini kwa mkono: ikicheza, skrubu zake zimelegea.

Hatua ya 3: Ulizia karatasi

Boti ya kubeba abiria nchini Kenya hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Ubaharia, KMA, iliyoundwa mwaka 2004. Wengi hudhani kazi yake iko Mombasa tu, lakini maziwa yako chini yake pia. Uliza mambo matatu kwa utaratibu huu: cheti cha ukaguzi cha boti kilicho hai, cheti cha nahodha, na bima ya abiria.

Uliza kwa heshima. "Samahani kaka, tuna watoto, naomba tu nione cheti cha boti" hufungua milango ambayo "wewe una leseni?" huifunga. Mwenye karatasi huzileta haraka, mara nyingi kwa fahari, kwa sababu amezigharimia. Asiyekuwa nazo ataanza hadithi: ziko kwa bosi, ziko nyumbani, ofisa alizichukua jana. Hadithi ikizidi sentensi mbili, hamia boti nyingine.

Hatua ya 4: Laifu jaketi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganywa, na hujidanganya.

Mnamo Novemba 24, 2018, boti ya starehe ya MV Templar ilizama Ziwa Victoria, upande wa Mukono nchini Uganda, ikiwa imebeba watu waliokuwa wakisherehekea wikendi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Boti haikuwa na leseni, ilikuwa imejaza kupita kiasi, na kwa mujibu wa polisi wengi waliokuwemo walikuwa wamekataa kuvaa majaketi. Walikuwa karibu na nchi kavu. Jaketi lililo chini ya kiti halikusaidii boti ikishapinduka. Hakuna anayeweza kulivaa akiwa majini, gizani, huku watu wakimshika.

Kwa hiyo jaketi huvaliwa gatini na huvuliwa gatini. Likague hivi.

Soma lebo kwa ndani. Utaona kiwango cha uzito wa mtu na mara nyingi nambari ya nguvu ya kuelea: 50, 100 au 150. Lenye 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Lenye 100 linafaa maji yaliyotulia. Lenye 150 limeundwa kumgeuza hata aliyezimia uso ukaelekea juu. Kwa asiyejua kuogelea, na wengi wetu hatujui, usikubali chini ya 100. Lebo ikiwa imefutika kabisa, jaketi hilo limezeeka.

Kisha lifinye. Povu la ndani likibaki limebonyea, au likisagika kama mkate mkavu, limekwisha nguvu. Kamba na vifungo vyote viwepo. Jaketi lenye kifungo kimoja kati ya vitatu ni pambo.

Livae, lifunge, halafu mwambie mwenzako alishike mabegani alivute juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Majini litapanda hivyohivyo nawe utabaki chini yake.

Watoto wana majaketi yao. La mtu mzima lililofungwa mara mbili kwa kamba halimfai mtoto. Atachomoka kwa chini. La mtoto liwe na kola ya kuinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Gati likikosa saizi ya mtoto, mtoto haendi, na mzazi mmoja anabaki naye. Hili huleta machozi, lakini ni ya dakika kumi.

Mama mwenye mtoto mgongoni afungue leso. Mtoto aliyefungwa mgongoni huzama na mama yake, na jaketi la mama halifungiki juu ya leso. Begi la mgongoni nalo livuliwe, liwekwe sakafuni. Koti zito livaliwe chini ya jaketi, lisiwe juu yake.

Hatua ya 5: Hesabuni vichwa

Idadi iliyoandikwa ubavuni ni ya watu wote, nahodha akiwemo isipokuwa imeandikwa vingine, na mtoto ni mtu. Tumezoea lugha ya matatu, "songeni kidogo, kuna nafasi ya mmoja", na gari likijaa sana hugharimu magoti tu. Boti ikijaa hupoteza urefu wa ubavu ulio juu ya maji, na hicho ndicho kitu pekee kinachozuia wimbi kuingia.

Kipimo changu ni hiki: wote wakishaketi, ning'iniza mkono nje ukiwa umekaa wima. Vidole vikigusa maji kwa urahisi, mmezidi, hata kama idadi iko sawa kwenye karatasi. Wazito wagawanywe pande mbili, mizigo iwe katikati na chini. Kikundi cha watu 16 kwenye boti ya abiria 8 ni boti mbili au safari mbili.

Kabla ya kuondoka, acha majina ya wote na saa ya kurudi kwa mtu aliye nchi kavu. Vikundi vingi haviachi chochote, na ajali ikitokea hakuna anayejua wanatafutwa wangapi.

Hatua ya 6: Mkiwa majini

Wakati hatari kuliko yote katika safari ya Naivasha ni ule mzuri kuliko yote. Nahodha anapunguza mwendo karibu na miti mikavu, anapiga mluzi, anarusha samaki juu. Furukombe anashuka kutoka tawini, mabawa wazi, kucha mbele. Na hapo watu wote wanane wanasimama upande mmoja na simu zao. Boti inalala ubavu. Nahodha anapiga kelele "kaeni!" na hakuna anayemsikia.

Kubalianeni kabla: watu wanapiga picha wakiwa wameketi. Upande ambao ndege hashukii sasa utashukiwa katika zamu ya pili. Nahodha mzuri huigeuza boti ili kila upande upate zamu yake. Mwombeni afanye hivyo mapema.

Kuhusu kiboko, kumbukeni kwamba dume huvuka kilo 1,500 na huweza kukaa chini ya maji kwa takriban dakika 5. Katika kina kifupi hatembei kwa kuogelea. Hukimbia kwa miguu akikanyaga sakafu ya ziwa. Kwa hiyo kiboko mnayemwona si tatizo kubwa kama yule aliyezama sasa hivi. Boti isiingie kati ya viboko na maji ya kina, kwa maana huko ndiko wanakokimbilia wakishtuka. Isiwakaribie walio na ndama. Isizime injini mbele yao kwa ajili ya ukimya wa picha. Nahodha akikuuliza "niwasogelee kidogo?", anasubiri ukatae, wengi wao husogea kwa sababu wageni huwapa bakshishi kwa kusogea. Mpe bakshishi kwa kukaa mbali, na umwambie ni ya nini.

Hatari haiishii majini. Agosti 2018 kiboko alimuua mtalii aliyekuwa akipiga picha ufuoni mwa ziwa hilihili. Baada ya jua kuchwa, kaa ndani ya uzio wa hoteli, na usifuate njia nyembamba zilizokanyagwa kwenye nyasi kuelekea majini.

Mengine ni mafupi. Mikono na miguu ibaki ndani. Pombe isubiri nchi kavu, na kwa nahodha hiyo ni amri. Hakuna kuruka majini kuogelea injini ikiwa inawaka. Maboya madogo na chupa za plastiki zinazoelea kwa mstari ni nyavu za wavuvi, mzizunguke.

Kwa mwenye boti na nahodha

Injini iwe na kamba ya kuizima ukianguka, na iwe imefungwa mkononi au kwenye goti lako, isining'inie kwenye kitasa. Ukianguka bila hiyo, boti itazunguka na kurudi juu yako na propela ikiwaka. Ubebe makasia mawili, nanga yenye kamba ya kutosha, kopo la kukumbia maji, kizimamoto kisichopita muda, filimbi, tochi na simu ndani ya mfuko usioingia maji. Petroli hujazwa abiria wakiwa wameshuka.

Kanuni za njia ni zilezile za dunia nzima. Mkikutana ana kwa ana, kila mmoja apinde kulia. Mkikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Anayepita kutoka nyuma hujitenga. Ukikaribia mtumbwi wa mvuvi, punguza mwendo mapema, maana mawimbi ya injini yako humtosa mwenzako anayevuta wavu amesimama.

Na waeleze abiria kabla ya kuwasha: majaketi, kuketi, viboko, la kufanya mkipinduka. Dakika mbili tu. Abiria wa Nairobi wanaanza kuzijua haki zao, na boti inayotoa maelezo ndiyo wanayoipendekeza kwa wenzao.

Mkipinduka

Shikilieni boti. Boti nyingi za fiba huendelea kuelea hata zikiwa zimepinduka, na waokoaji huona boti kabla hawajaona kichwa cha mtu. Ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo. Wanaoamua kuogelea kwenda huko ndio wanaopotea. Hesabuni watu kwa sauti. Watoto wawekwe katikati, watu wazima wakumbatiane kuwazunguka ili joto lisipotee. Pigeni filimbi, kisha mnyamaze msikilize.

Aliye kwenye boti nyingine asiruke kumwokoa anayezama. Arushe kamba, jaketi, au hata dumu tupu lililofungwa kizibo. Anayezama humkandamiza anayemkaribia, na mnapata maiti wawili.

Ukimtoa mtu asiyepumua, anza na pumzi 5 za mdomo kwa mdomo, kisha misukumo 30 ya kifua na pumzi 2, uendelee hivyo hadi msaada ufike. Usimpindue kumtoa maji tumboni. Na aliyepona kabisa, anayecheka, aende hospitali vilevile kama alimeza maji. Mapafu huweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Kwa dharura piga 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya wanapatikana kwa 1199.

Nani anasimamia nini, na unalalamika wapi

Watu huchanganya ofisi, na malalamiko hupotelea hapo.

KMA hushughulika na boti yenyewe na nahodha: usajili, ukaguzi, vyeti. Ina uwezo wa kuizuia boti mbovu isifanye kazi. Walinzi wa Pwani wa Kenya, kikosi kilichoundwa kwa sheria ya 2018, ndio wenye doria, na licha ya jina lao mamlaka yao yanafika maziwani. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, linahusika mnyama akijeruhi mtu au nahodha akiwasumbua wanyama. Fidia ya kushambuliwa na kiboko hupitia kwao chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Kwenye fuo za umma kuna BMU, vikundi vya wavuvi na wadau wanaosimamia fuo. Hawana pingu, lakini mwenyekiti wa BMU humjua kila mwenye boti kwa jina la utani, na neno lake humfikia siku hiyohiyo.

Ukweli mchungu ni kwamba msako huja baada ya ajali. Wiki mbili boti huzuiliwa, majaketi mapya huonekana, kisha mambo hurudi palepale. Ofisi moja haiwezi kusimama kwenye kila gati kila Jumamosi, na mwenye boti anajua hivyo. Asichoweza kukikwepa ni abiria ambao hawapandi.

Ukiona kosa, fanya hivi kwa mfuatano. Piga picha ya nambari ya usajili, ya boti ikiwa imejaa, na ya majaketi. Andika saa na jina la gati. Mwone kiongozi wa BMU au meneja wa hoteli papo hapo, maana yeye ndiye anayeweza kuizuia boti dakika hiyo. Kisha peleka taarifa KMA kwa maandishi, pamoja na picha. Mtu akiumia, nenda kituo cha polisi cha karibu uandikishe na upewe nambari ya OB, kitabu cha matukio. Bila hiyo bima haitakusikiliza. Usichapishe uso wa nahodha mtandaoni kabla ya kuripoti. Utapata likes, naye atafuta nambari ubavuni na kuendelea na kazi.

Ukilipa kwa M-Pesa, lipa nusu mkianza na nusu mkirudi, na utunze ujumbe. Mara nyingi ndiyo risiti pekee utakayokuwa nayo, yenye jina, tarehe na saa, na inaweza kukusaidia ukienda kulalamika KMA au polisi.